Hotuba Niliyompelekea Mama Mkubwa

Hotuba ya kwanza niliisikiliza kwa ajili ya kazi. Mimi ni karani katika shule moja ya Raskazone. Nachapa mitihani, napokea barua, nasikiliza malalamiko ya wazazi. Siku hiyo mwalimu wa fizikia alinionyesha video moja mtandaoni, akaniomba nimchapie maneno yaliyokuwa yakipita chini ya picha ili awasomee wanafunzi wake. Mzungumzaji alikuwa mhandisi mzee, kasimama peke yake jukwaani, anaeleza kwa nini madaraja huanguka. Alisema daraja halianguki siku ile watu wanapoliona limeanguka. Huanza miaka mingi nyuma, kwa ufa mwembamba kama unywele, mahali ambapo hakuna anayeinama kutazama. Zilikuwa dakika chache tu. Nilimaliza kuchapa, nikairudisha mwanzo nikaisikiliza tena, na chai yangu ikapoa mezani.

Tangu hapo nikawa mtu wa hotuba. Kila mchana, wenzangu wakienda kula, mimi nafunga mlango wa masijala naweka simu juu ya faili. Nilimsikiliza mwanamke aliyetumia ujana wake kuchunguza usingizi wa pweza. Nilimsikiliza daktari akieleza namna ya kumwambia mtu kwamba hatapona. Mimi niliishia kidato cha nne, na kwa miaka mingi nilikuwa nimeshaamini kwamba mambo ya fikra yana wenyewe. Sasa yakawa yananijia mpaka kwenye kiti changu.

Kitu kitamu hakiliwi na mtu peke yake. Tulikuwa na kundi la simu la wanawake wa ukoo wetu, la salamu za Ijumaa na habari za misiba. Nikaanza kuwapelekea hotuba. Ila zile hotuba ni za Kiingereza, na wengi wao Kiingereza hakiwapandi, kwa hiyo nikawa nazisimulia mwenyewe kwa Kiswahili, kwa ujumbe wa sauti. Nasikiliza mara mbili, nasimulia mara moja. Haukupita muda mrefu wakawa wanazidai. Nikichelewa siku moja, mtu ataandika: "Leo darasa hakuna?" Nilivimba kichwa, sitasema uongo.

Aliyezipenda kuliko wote ni mama mkubwa, dada yake mama yangu, anayeishi Pongwe. Alikuwa ameanguka uani akavunjika nyonga, na tangu hapo dunia yake ilikuwa kitanda, dirisha na mkwewe, mke wa mwanawe, aliyemhudumia. Baba na mama yetu wametangulia mbele ya haki, kwa hiyo yeye ndiye mzazi tuliyebaki naye, mimi na mdogo wangu wa kiume. Kwa mdogo wangu alikuwa mama kweli. Alipozaliwa, mama yetu alipata jipu la ziwa, akalazwa, na mama mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa ananyonyesha wa kwake, akamchukua yule mtoto akamnyonyesha miezi miwili. Hilo lilijulikana na ukoo mzima. Mpaka leo mdogo wangu hamwiti mama mkubwa. Humwita mama.

Mwaka huo mdogo wangu alikuwa anajiandaa kuoa. Yeye ni bwana shamba huko Maramba, na huko huko alipata mchumba, binti wa miaka ishirini na sita, mshonaji wa nguo, mpole wa sauti lakini si mjinga. Posa ilikuwa imepokelewa. Sare tulikwishachagua, kadi zilikuwa kwa mchapishaji, na kwa vile mama hayupo, upande wa wanawake nilikuwa naushika mimi.

Nilipokwenda kumpa mama mkubwa habari ya posa, aliniuliza, "Maramba, nyumba gani?"

Nikamtajia. Nikamweleza kwamba bibi wa yule binti alikuwa mtu maarufu pale, aliyekuwa akiuza karafuu na iliki, na kwamba alikuwa ameshafariki. Mama mkubwa mwenyewe aliwahi kuishi Maramba miaka ile mumewe alipokuwa na kazi huko, kwa hiyo nilitegemea atafurahi. Aligeuza uso ukutani. Nilingoja. Hatimaye akasema, "Kheri." Basi. Nikadhani ni nyonga inamuuma, nikamwekea mto.

Ile hotuba niliikuta wiki tatu kabla ya ndoa. Mzungumzaji alikuwa mama wa makamo, nywele nyeupe zimekatwa fupi, anazungumza bila kunyanyua mkono hata mara moja. Alisimulia kwamba kwa zaidi ya nusu ya umri wake alimficha mdogo wake jambo moja, na siku alipokwenda kumwambia, alimkuta hospitalini hasikii tena. Hakulia jukwaani. Alieleza kwa utulivu jinsi alivyokaa pembeni ya kitanda akalisema hata hivyo, kwa sikio lisilosikia, kisha akashukuru akashuka. Nikaisimulia siku ile ile, na mwisho wa ujumbe, kwa sababu nilikuwa nimeguswa, au kwa sababu nilikwishazoea kusikilizwa, nikaongeza maneno ambayo yule mama hakuyasema. Nilisema: "Basi wewe unayenisikiliza, kama unalo, liseme ungali na pumzi. Siri hufa na mtu, lakini madhara yake hayafi."

Wengine walijibu kama kawaida. Mama mkubwa alileta ujumbe wa sauti. Kwanza nilisikia pumzi tu, nzito, na kelele za kuku mbali. Halafu akauliza, "Hayo ya mwisho kasema yule mama, ama umesema wewe?"

Niliona haya kusema nimeyatunga. Nikamjibu, "Kasema yeye, mama mkubwa."

Hakujibu tena. Siku ya pili mkwewe alinipigia, akaniambia bibi amekataa uji, na kwamba ameiomba simu mara nne asikilize ule ujumbe. Siku ya tatu akanipigia tena: bibi anauliza, yule mama wa kwenye hotuba, baada ya kusema alipona? Nikamwambia amjibu kwamba hakuwa mgonjwa. Mkwewe akasema, "Dada, mimi simwelewi. Jana kaniambia nimletee msahafu. Nimemletea, hausomi. Kauweka kifuani tu."

Hapo niliingiwa na kitu. Sikukijua ni nini. Nilikuwa nakwenda kwa fundi wa sare, nachagua kitambaa, nacheka na watu, na ndani yangu kuna baridi inayopanda. Siku ya nne, asubuhi, mama mkubwa alinipigia mwenyewe. "Njoo," akasema. "Njoo peke yako. Mdogo wako asijue."

Ilikuwa Jumamosi. Nilichukua bajaji mpaka Pongwe. Mvua ilikuwa imefunga tangu alfajiri lakini hainyeshi, na vumbi la machimbo ya chokaa lilikuwa limetulia juu ya majani ya migomba, jeupe, kana kwamba hakuna aliyepita njia ile kwa siku nyingi. Mkwewe alinifungulia, akanitazama usoni kutafuta habari. Sikuwa nayo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango."

Niliufunga. Akasema nifunge na dirisha. Alikuwa amekonda kwa siku zile nne kuliko kwa miezi yote ya kulala. Msahafu ulikuwa bado kifuani.

"Niliapa juu ya hiki," akasema. "Kwa hiyo ninachokufanyia sasa ni kuvunja kiapo. Nimemwomba Mungu anisamehe kabla hujafika."

Kisha akanieleza, taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alipokuwa Maramba, nyumba ya pili kutoka kwake mke mmoja kijana, mwenye afya nzuri, alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike. Baada ya arobaini, akili ikamchafuka. Hakumtambua mtoto. Siku moja alikutwa mbali mashambani hana viatu. Mama mkwe wake, yule muuza karafuu na iliki, akamfungia ndani akawaambia watu amekwenda kwao kutibiwa homa, kwa sababu alijua jambo kama lile likitoka nje, watu watasema nyumba ina wazimu, na yule mtoto wa kike hataolewa. Mtoto analia njaa. Wakati huo mama mkubwa alikuwa ananyonyesha mwanawe wa mwisho.

"Alimleta kwa mlango wa nyuma, kamfunika kwa kanga kama kapu la muhogo," akasema mama mkubwa. "Nikampa ziwa. Kesho yake akamleta tena. Siku kumi na moja, mchana na jioni. Kisha mamake akapata nafuu, mtoto akarudi kwa mamake. Yule bibi akaniapisha. Akanambia, ukisema umemzika mjukuu wangu mzima."

Nilikuwa nimeshaelewa kabla hajamaliza, lakini nilitaka asimalize. Kwetu, walionyonya ziwa moja ni ndugu, hata kama kati yao imepita miaka, hata kama hawajawahi kuonana. Ndugu hawaoani. Hilo halihitaji shehe. Mtoto wa madrasa analijua.

"Mama mkubwa," nikasema, "mbona hukusema siku ya posa?"

"Siri ya mtungi aijuaye kata," akasema. "Na kata ameshakufa. Nilibaki mtungi peke yangu. Nikasema labda Mungu ataivunja posa kwa njia yake, mimi nisiseme. Kila siku nikingoja nisikie imevunjika. Haikuvunjika. Ndipo ukaniletea maneno ya yule mama."

Hapo ndipo ilinipasa kumwambia kwamba maneno yale yalikuwa yangu. Sikumwambia. Nilimshika mkono, nao ulikuwa baridi.

Kutoka Pongwe nilikwenda moja kwa moja kwa shehe wa mtaani kwetu, mzee asiye na maneno mengi. Hakushangaa. Aliuliza maswali mafupi: mtoto alikuwa na umri gani, alinyonya mara ngapi, alikuwa akishiba na kuliachia ziwa mwenyewe? Nilijibu kama nilivyoambiwa. Aliuliza kama kuna shahidi mwingine. Nikasema ameshafariki.

"Ushahidi wa mwanamke mmoja una mjadala wake katika vitabu," akasema. "Kuna atakayekwambia hautoshi kuizuia ndoa. Lakini mimi, mwanangu, nisingemwozesha mwanangu."

Jumapili nikaenda Maramba. Nilimwomba mama wa yule binti tuzungumze faragha, akaniketisha ndani, akaniletea chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Alidhani nimekuja kwa mambo ya sare. Binti alikuwa chumba cha pili anashona. Nilisikia cherehani ikikimbia, inasita, inakimbia tena.

Nilianza mbali. Nilipofika kwenye ziwa, akacheka. "Mwanangu hajanyonya ziwa la mtu," akasema. "Nilipougua homa, mama mkwe alimlea kwa maziwa ya mbuzi. Alinambia mwenyewe."

Nadhani kimya changu ndicho kilichomfanya aniangalie vizuri. Akakiweka kikombe chini.

"Amesema nilikuwa wapi?" akauliza.

"Amesema ulikuwa ndani. Unaumwa."

"Naumwa nini?"

Mpaka leo najiuliza kama ningeweza kusema homa. Nilimwambia. Yule mama alikuwa ameishi miaka ishirini na sita akiwa na majuma ambayo hayakumbuki, na watu wote waliokuwa wakimtunzia majuma hayo walikuwa wamekufa isipokuwa mmoja. Hakukanusha. Alitazama miguu yake. Akasema kwa sauti ndogo, kama anayezungumza na mwingine, "Nina kovu hapa kwenye wayo. Walinambia nilikanyaga chupa."

Cherehani ilikuwa imenyamaza zamani. Pazia likafunguka, binti akatoka na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mwenyewe anajua?"

"Bado."

"Basi mwambie sasa hivi, dada. Hunipigia jioni. Mimi sitaweza kuongea naye kama jana."

Mdogo wangu nilimkuta kwake, anafua. Aliposikia, hakukaa chini. Aliendelea kukamua shati lile lile mpaka likawa halina tena tone la maji.

"Nani kamwambia mama aseme?" akauliza.

"Amesema mwenyewe."

"Kanyamaza miaka ishirini na sita. Kanyamaza miezi sita ya posa. Nani kamwambia?"

Nikamweleza. Hotuba, ujumbe wa sauti, maneno niliyoyaongeza, na uongo nilioutia juu yake. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akalianika lile shati kwenye kamba, kati yangu na yeye, na kutoka nyuma yake akasema, "Nisingejua, nisingekuwa na dhambi. Mungu hamhesabii mtu asilolijua. Ningeoa, ningezaa, ningekufa, sijui. Wewe na hotuba zako mmenitoa mahali nilipokuwa nimesitiriwa."

Wako watu, nikiwaeleza kisa hiki bila kutaja majina, huniambia kwa haraka kwamba ukweli ni bora. Hao hawakuiona ile kamba ya nguo ikitikisika.

Siku zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu hakuna kilichotokea. Mdogo wangu hakuvunja posa. Alikwenda kwa shehe mmoja, akaenda kwa wa pili, wa tatu akamfuata mpaka mpakani Horohoro. Nikasikia kwamba mmoja wao amemwambia ushahidi wa mtu mmoja, tena mgonjwa wa kitandani, hautoshi. Kadi zikatoka kwa mchapishaji, nikazipokea ofisini, nikazifungia kwenye kabati la mitihani. Wanawake wa ukoo wakiniuliza vipi maandalizi, najibu yanaendelea. Nilikuwa nikiamka asubuhi nahesabu siku zilizobaki na kujiuliza kama nitasimama siku hiyo nimevaa sare, napiga vigelegele, huku najua. Mama mkubwa naye alikuwa ameanza kula. Mkwewe alinipigia kwa furaha: bibi amepata nafuu, bibi ameomba samaki. Yeye alikuwa ameutua mzigo, na sasa ulikuwa kwangu.

Zikiwa zimebaki siku sita, binti akanipigia simu.

"Kaka yako kaniambia amepata fatuwa," akasema. Nilisikia amesema kaka yako, si mwenzangu, kama alivyozoea. "Kaniambia inafaa. Nimemwambia mimi sikatai elimu ya shehe. Lakini nitamwangaliaje? Nikimwangalia namwona yule mama kitandani na kanga iliyonifunika. Mwambieni asije."

Wazee wakakaa, mahari ikarudishwa, na sababu iliyotolewa nje ikawa ni kwamba hawakuelewana. Hivyo ukoo wangu na wao wakaanza siri nyingine, na mimi nimo ndani yake. Mdogo wangu aliomba uhamisho. Kwa muda mrefu alinijibu salamu tu.

Hotuba niliziacha. Kundini nilisema kazi zimenizidi. Lakini maneno yalikuwa yamekwishatoka, na hapo nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Wanawake wakaanza kunitafuta pembeni, mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake. Shangazi mmoja, mtu wa vichekesho, alinisubiri nje ya lango la shule mchana wa jua kali. "Ile ya yule mama aliyechelewa," akaninong'oneza. "Niliifuta bahati mbaya. Nirushie." Nikamwambia sinayo. Alinishika mkono akanitazama, na ule uso wa vichekesho haukuwepo kabisa. Wakaja wengine wawili baada yake. Sikumpa hata mmoja. Nikiwaona harusini au msibani, wanacheka, wanagawa wali, siwezi tena kuwatazama kama zamani. Sijui nani ana nini. Sijui nani amebakisha siku ngapi.

Iddi iliyofuata nilikwenda Pongwe kumpa mama mkubwa mkono wa Iddi. Nilimkuta ameketi kitandani, na nyuma yake binti wa Maramba anamsuka. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuja, mkwewe akaniambia. Huja na basi la asubuhi, hakai sana. Binti alikuwa kichwa wazi, ushungi ameuweka kwenye kiti, kwa vile tulikuwa wanawake watupu. Hawakuwa wanazungumza. Mama mkubwa alikuwa amefumba macho.

Mlango wa mbele ukabishwa, na kabla mkwewe hajafika, mdogo wangu akaingia. Hakujua, nasi hatukujua kwamba angekuja. Alisimama kizingitini na mfuko wa tende mkononi.

Mkono wa binti ulikimbilia ushungi. Ukaufikia, ukaushika, ukasimama hapo. Kwa sheria ile ile iliyowazuia kuoana, yule sasa ni kaka yake, na dada hajifuniki mbele ya kaka. Alijua. Mdogo wangu naye alijua. Nilimwona anatazama sakafu, halafu dirisha, halafu sakafu tena.

Binti akauachia ushungi. Uliteleza ukaanguka chini, hakuuokota. Akarudisha vidole kwenye nywele za mama mkubwa, akaanza msuko mwingine.

"Shikamoo, mama," mdogo wangu akasema.

"Marahaba," mama mkubwa akajibu, macho bado yamefumba. "Kaa na dada zako."

Alikaa. Alichagua kiti cha mbali kuliko vyote.